UZI: Nimefanya utafiti wa wiki tatu nyumbani na kibandani kujua kwanini watu wanasikia wanachotaka tu. Majibu yamenitoa machozi

Wakuu salaam.

Uzi ni mrefu, nimeuandika usiku usiku baada ya kufunga kibanda, kwahiyo mwenye haraka aweke alama arudi baadae. Nimefanya utafiti. Sio wa chuo, sina maabara wala cheti cha mambo ya masikio, mimi ni fundi simu tu hapa Tandika, ila nimeufanya kwa moyo wote, daftari ninalo, kila siku naandika nani kaitwa, kaitwaje, kasikia au hajasikia, na usiku naingia mtandaoni kusoma wenye elimu yao wamesema nini.

Chanzo ni gesi. Siku hiyo Yanga wanacheza, nipo sebuleni macho kwenye TV, mama Zai akapita nyuma yangu akasema gesi imeisha, asubuhi upitie kwa wakala. Anasema nilijibu "sawa". Mimi sikumbuki kitu, hata kwa kuapishwa. Asubuhi chai hamna, mtoto kaenda shule na kiporo cha baridi, maneno yakawa mengi, mwisho akanitupia kauli ikanikaa kifuani mpaka nimefika kibandani, "wewe mambo ya nyumba hii husikii, ila mtu akitaja Yanga ukiwa chooni unasikia".

Na ni kweli nasikia! Hilo ndo lililonisumbua. Kama masikio ni yaleyale, gesi imepita wapi? Nikajiuliza mimi ni muongo, ni mgonjwa, au kuna kitu humu kichwani kinafanya kazi bila kuniaga.

Nyumbani tupo watano. Mimi, mama Zai, Zai mwenyewe ana miaka 9, mtoto wa dada yangu ana 15, na mzee wangu ambaye tumemleta toka Ifakara mwaka jana baada ya mama kufariki. Wote nimewaweka kwenye daftari bila kuwaambia, Mungu anisamehe.

Nilianza na Zai. Jumamosi anaangalia katuni, nimesimama mlango wa jikoni hatua kama sita toka alipo, nikasema kwa sauti ya kawaida "njoo utoe vyombo". Kimya. Nikarudia, kimya. Mara ya tatu nikaita jina tupu, "Zai", akageuza shingo kidogo kama katuliwa na nzi alafu akarudi kwenye katuni zake. Hapo nikamgeukia mama yake nikamnong'oneza, yaani kunong'ona kabisa, "jioni tuchukue chipsi mayai?" Mtoto akaropoka toka sebuleni, "na mishkaki!"

Zamani ningemfokea. Safari hii nikaandika kwenye daftari nikaenda kusoma, na nilichokuta kinafurahisha sana.

Mwaka 1953 kuna mwanasayansi wa chuo cha Imperial cha London anaitwa Colin Cherry alitoa utafiti wake, aliwavalisha watu hedifoni, sikio la kulia maneno mengine la kushoto mengine, akawaambia fuateni maneno ya upande mmoja muwe mnayarudia kwa sauti. Wakayarudia vizuri tu. Akawauliza, haya na upande wa pili walikuwa wanasema nini? Hawajui. Mpaka lugha ya upande ule ikabadilishwa toka Kiingereza kwenda Kijerumani, na watu hawakugundua! Walichoshika ni vitu vya juu juu, kama sauti imetoka ya mwanaume ikawa ya mwanamke, au umepita mlio wa tuu. Maneno yenyewe yalifika sikioni, ngoma ya sikio ilitikisika, lakini mwenye sikio hakupewa taarifa.

Miaka 6 baadae, 1959, mwingine anaitwa Neville Moray akafanya hivohivo ila upande usiosikilizwa akachomeka jina la mtu mwenyewe. Theluthi moja hivi ndo walilisikia jina lao. Wengine wote limewapita. Jina lako mwenyewe! Kwahiyo Zai alivogeuza shingo kidogo tu sio jeuri, wapo watu wazima hata hiyo shingo hawakugeuza. Na 2001 wakaja kugundua kwamba wanaoshtuka zaidi wakisikia jina lao pembeni ni wale ambao akili yao haishiki vitu vingi kwa pamoja, yaani wepesi kuyumbishwa. Aliyezama kwenye shughuli yake haswa ndo jina linampita.

Wa kwanza kuielezea hii kitu kama chujio alikuwa Broadbent, 1958, kwamba mlangoni pa akili kuna chujio, kimoja kinapita vingine vinabaki nje. Akaja dada mmoja, Anne Treisman, akasema hapana, halizibi, linapunguza sauti tu. Hapa mimi kama fundi nilielewa mara moja. Sio kwamba spika imekatwa waya, sauti imeshushwa mpaka chini, na kuna maneno machache ambayo hata yakiwa chini kabisa yanatosha kukuamsha. Jina lako ni mojawapo, moto, mwizi. Kwa Zai, chipsi.

Na kitu cha TV kina jibu lake. 2015 watafiti wa chuo kikuu cha UCL hukohuko London walipima ubongo wa watu wakiwa wanafanya kazi ngumu ya macho, wakakuta sehemu ya ubongo inayopokea sauti imefifia yenyewe. Hawa hawakujifanya hawasikii, mashine ndo inasema. Macho yakielemewa yanakopa nguvu kwenye masikio.

Nawasilisha sehemu ya kwanza, nakuja.

*

MAMA WAWILI:
Fundi kwahiyo unawatetea waume zetu? Maana wangu nikimwambia ada ya shule anakuwa kiziwi, nikiongea na shoga yangu kwenye simu chumbani mlango umefungwa anakuja kuniuliza "nani kaachika?"

MLETA UZI:
Dada simtetei mtu, gesi ilikuwa kosa langu na mtoto alikula kiporo. Ninachosema ni kwamba kumfokea mtu ambaye neno halijamfika ni kumuonea, na yeye kusema "sikusikia" sio lazima awe anadanganya. Jaribu kitu kimoja, usiongee na mgongo wake. Mama Zai nilimuomba tufanye hivi kwa wiki nzima, akitaka kuniambia jambo la maana ananigusa bega kwanza, nikigeuka ndo anasema, alafu ananiambia rudia nilichosema. Tangu hapo hakuna ujumbe uliopotea. Kabla ya hapo hilo "sawa" langu lilikuwa linatoka mdomoni peke yake, mimi mwenyewe sipo. Na ujaribu pia kwa watoto, Zai huwa anajibu "ndiyo baba", ukimwambia nimesemaje anabaki kukodoa macho.

KONDA MSTAAFU:
Nimefanya ukonda miaka 11 njia ya Mbagala. Redio juu, honi, abiria wanabishana mpira, mtoto analia, ila bibi wa siti ya nyuma akisema "shusha" kwa sauti ya kuumwa nilikuwa namsikia. Na dereva wangu redio inapiga mpaka vioo vinatetemeka lakini nikigonga bodi tu anakanyaga breki. Sasa nimestaafu, mke wangu akiniita toka uani simsikii. Nilidhani ni uzee.

MLETA UZI:
Mkuu umenikumbusha kibandani, hiyo ndo sehemu ya pili. Ila kuhusu uzee usipuuze, kaangalie, utaona mbele huko kwanini nasema hivi.

*

Sehemu ya pili.

Kibanda changu kipo jirani na stendi. Kushoto kuna kijana anaingiza nyimbo kwenye memori kadi, singeli inaanza saa mbili asubuhi na haina kituo. Kulia kuna muuza nguo za watoto na kipaza sauti chake cha kurekodi, "buku buku buku, kimbia na buku", mashine inasema hivyo mpaka jioni haichoki. Mbele makonda wanaitia Kariakoo. Wateja wangu wanauliza fundi unawezaje kukaa hapa? Nawajibu kwa ukweli kabisa kwamba mimi hizo kelele sizisikii, wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji na mimi maji yangu nakunywa.

Lakini saa nne ikifika anapita muuza kahawa. Haiti. Anagonga vikombe vyake viwili vidogo, kling kling, kile kimlio ni chembamba, hakifiki hata robo ya ile singeli, na mimi nikiwa nimeinamia bodi ya simu na hadubini machoni nakisikia akiwa bado yupo kwa muuza dagaa. Nikaanza kuangalia wenzangu. Muuza nguo hanywi kahawa, nilimuuliza siku tano mfululizo "muuza kahawa kapita?" na siku zote hajui. Ila yeye akipita fundi cherehani wa kutembea anachezesha mkasi, cha cha cha, anainua kichwa palepale maana kila siku ana nguo za kupunguza. Dada wa M-Pesa yeye anasikia vichupa vya rangi za kucha vikigongana kwenye beseni la yule kijana anayepaka kucha. Fundi viatu anagonga boksi lake, na kusema kweli huyo mpaka nilivoanza utafiti nilikuwa sijui kama anapita mtaa wetu, kumbe kila siku anapita! Sina kiatu cha kushonwa, sandali zangu ni za plastiki.

Hebu fikirieni hawa ndugu wanaotembeza biashara. Hakuna mtu aliyewasomesha hayo mambo ya London, ila wamegundua kwamba ukipiga kelele na wewe unakuwa kelele nyingine tu, ukiwa na mlio wako mmoja mwembamba, mteja wako atakuchomoa katikati ya vurugu zote. Nawaheshimu sana.

Kuna kitu kingine toka kwenye kazi yangu. Mteja huwa analeta simu anasema nikipiga, ninayeongea nae ananilalamikia kelele za barabarani. Mara nyingi nakuta ile maiki ndogo ya juu imeziba vumbi. Simu nyingi za kisasa zina maiki mbili au zaidi, ya chini inachukua sauti yako, ya juu inachukua kelele za mtaa, simu inalinganisha inatoa kelele inabakiza wewe. Ikiziba moja, simu haijui tena kipi ni wewe na kipi ni daladala. Sisi nasi tuna mbili, kulia na kushoto, sauti ya pembeni inafika sikio moja kabla ya jingine kwa muda mdogo mno, haufiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ubongo kwa kitofauti hicho unajua huyu anaongea upande gani unamkamata huyohuyo. Jaribu, ziba sikio moja ukiwa kwenye harusi, utasikia kelele zimekuwa uji. Hedifoni za kuzuia kelele ni mambo mengine, zile zinatengeneza wimbi la kinyume linaua mlio unaonguruma sawasawa kama jenereta au feni, ila mtu akiongea anapenya.

Usiku nako nimepima. Nyuma ya nyumba yetu kuna baa, mziki mpaka saa sita, nalala fofofo. Umeme ukikatika, baa ikanyamaza na feni ikasimama, naamka palepale. Ukimya ndo unaniamsha! Nadhani wengi mtakuwa mashahidi. Akili imezoea ule mlio imeuweka pembeni kama ukuta, ukuta ukianguka lazima ushtuke. Mama Zai yeye hata umeme ukatike mara tatu hana habari, ila Zai akikohoa chumba cha pili, tena kile kikohozi kidogo cha kwanza, ameshakaa kitandani. Mwaka 1960 mtafiti mwingine anaitwa Ian Oswald na wenzie walichezea watu waliolala majina mengi ya watu, wakaona mtu akisikia jina lake anaitikia kuliko yakipita majina ya wengine, kwahiyo mlinzi halali hata sisi tukilala.

Huyu kijana wa dada nilikuwa namuona mkorofi. Mama yake akipiga simu naweka spika, dada anaongea mambo ya shule weee, dogo anaangalia ukuta, ila mwenzie akipiga mluzi nje ya geti anainuka kama kapigwa shoti. Nimekuta chuo cha Stanford kule Marekani 2022 walipima ubongo wa watoto wakisikilizishwa sauti za mama zao na za wanawake wasiowajua. Watoto mpaka miaka 12 ubongo ulikuwa unafurahia zaidi sauti ya mama, wa kuanzia 13 mpaka 16 ukawa unachangamkia zaidi sauti ngeni. Ni ukuaji, anajiandaa kuishi na watu wengine. Nilimpigia dada nikamweleza, akacheka alafu akanyamaza, akasema basi nitakuwa naongea kifupi.

*

NESI WA ZAMU:
Uzi mzuri, naomba niongezee la usalama. Huyo kijana wa 15 angalia na sauti ya hedifoni zake. Kwa sauti ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kiwango kinachopendekezwa kazini ni masaa 8, kila ikipanda desibeli 3 muda unagawanywa kwa mbili, yaani 88 masaa 4, 91 masaa 2, ukifika 100 ni robo saa. Na wewe fundi na jirani yako wa singeli mjitazame, kuzoea kelele sio kwamba sikio halichoki. Akili imezoea ila zile seli zenye vinyweleo ndani ya sikio hazizoei, kila sikio lina kama elfu 15 tu na zikifa hazioti tena kwa binadamu. Kuku zikifa zinaota upya, sisi hapana.

Lingine, kabla hamjagombana na mtu kwamba hasikii, muangalieni kwanza nta. Tunapokea watu wazima miezi wameitwa jeuri kumbe sikio limeziba. Na acheni kuchokonoa na njiti za kiberiti, funguo na unyoya wa kuku, mnaisukuma nta ndani.

MLETA UZI:
Nesi ubarikiwe. Umenigusa penyewe, maana sehemu ya tatu ndo iliyonifanya nifungue huu uzi, yale mengine ningeyaacha kwenye daftari.

*

Sehemu ya tatu. Mzee.

Mzee wangu zaidi ya miaka 20 alikuwa anaendesha mashine ya kukoboa mpunga Ifakara. Mnaojua zile mashine mnajua, mkiwa mmesimama pamoja mnaongea kwa mikono. Tulikua hivo, akirudi nyumbani anaongea kwa sauti ya juu tukajua ndo sauti yake.

Alivokuja kwetu mwaka jana, ule mwezi wa kwanza ulikuwa mzuri. Baadae mama Zai akaanza kupoa. Nikimuuliza anasema hamna kitu. Nilivyoanza utafiti nikamuandika na mzee, na kwenye daftari likajitokeza jambo ambalo nililiona ila niliogopa kulisema. Mzee nikimuita mimi, anaitika. Jirani yetu mwanaume mwenye sauti nzito, anaitika. Kijana wa dada, ambaye sauti imeshavunjika, anaitika. Mama Zai, haitiki. Zai, haitiki, mpaka avute shati lake. Nimeandika hivyo siku baada ya siku, wanaume anasikia, wanawake na watoto hasikii.

Jioni moja nikamuuliza mama Zai kwa upole, kuna nini kati yako na mzee? Akalia. Akasema miezi nane sasa kila asubuhi akipita koridoni kwenda jikoni anamwambia "shikamoo baba", na mzee haitikii. Mwanzo alirudia, akaona anajidhalilisha, akawa anasema mara moja anapita. Nyie mnajua shikamoo isiyojibiwa ina uzito gani, tena ya mkwe kwa mkwewe ndani ya nyumba moja. Akasema "baba yako hajawahi kunipenda, na wewe unamsikia anavokujibu wewe vizuri, masikio si anayo". Na mimi miezi yote hiyo nilikuwa nyumba hiyohiyo, sijawahi kuisikia shikamoo hata moja isiyojibiwa.

Nikakaa na daftari usiku. Mtu anayesikia wanaume na hasikii wanawake anaweza kuwa na dharau, ndiyo. Lakini kwanini Zai? Zai ndo kipenzi chake, hata pipi anamgawia kwa kujificha. Mtu hawezi kumdharau mjukuu anayemnunulia pipi.

Tukampeleka hospitali, kitengo cha masikio, pua na koo. Akaingizwa kile chumba kidogo kisichopitisha sauti, hedifoni, anabonyeza kitufe kila akisikia mlio. Dada wa vipimo akanionyesha karatasi, mstari unaanza vizuri upande wa milio mizito, unaenda unaenda, ukifika milio myembamba unaporomoka kama mtu kadondoka toka juu ya dari. Akanieleza kwamba kelele za mashine kwa miaka mingi zinaanza kuua upande huo wa milio myembamba, na umri nao unaua hukohuko, na sauti za wanawake na watoto zipo juu zaidi, na zaidi ya hapo herufi kama s, f na sh zinaishi hukohuko juu. Irabu ni nzito, zinamfika. Herufi zinadondoka njiani. Kwahiyo mtu anasema kwa ukweli kabisa "nasikia, ila sielewi", na sisi tunamuona anachagua.

Nikamuuliza dada, mtu akimwambia "shikamoo" kwa sauti nyembamba, akiwa anapita, feni inazunguka na redio ya jirani inapiga, anasikia nini? Akafikiri, akasema "labda i-a-oo. Au hasikii kabisa".

Wakuu nilitoka nje ya kile chumba nikasimama ukutani kidogo.

Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji msaada kwa ajili ya usikivu uliopungua. Sijui wangapi kati yao wapo kwenye nyumba ambazo wanaitwa wenye dharau, lakini mmoja alikuwa kwangu.

Tulirudi jioni. Nikamueleza mama Zai kila kitu, nikamuonyesha na karatasi. Hakusema neno. Asubuhi akaenda chumbani kwa mzee, mzee amekaa kwenye kigoda anafunga kandambili, akasimama mbele yake mpaka mzee akainua macho, akainama akasema taratibu "shikamoo baba". Mzee akamuangalia muda mrefu. Akamjibu, "Marahaba mwanangu, marahaba. Nilidhani umeacha kunisalimia. Nikasema labda nimekukosea, mtu wa kuniambia ni marehemu mama yenu na hayupo."

Miezi nane wote wawili kila mmoja anasubiri kwa mwenzie.

*

MAMA WAWILI:
Fundi umeniliza kazini. Nina mama mkwe wa hivyohivyo, na mimi nimeshamuwekea kinyongo. Kesho nampeleka.

KONDA MSTAAFU:
Hiyo ya "nasikia ila sielewi" ndo yangu kabisa. Miaka 11 redio na honi. Mke wangu sauti yake ni nyembamba. Daah. Naenda kupima wiki hii.

MLETA UZI:
Nenda mkuu, kipimo chenyewe hakiumi, unakaa unasikiliza milio. Na mke wako mwambie huo ukweli leo, usisubiri karatasi.

MGENI WA JIJI:
Fundi, unatofautishaje asiyesikia kwa sababu ya chujio na asiyesikia kwa sababu ya sikio?

MLETA UZI:
Sio daktari, nasema nilichokiona kwenye daftari langu. Zai na mimi tunapitwa tukiwa tumezama kwenye kitu, ukitugusa ukarudia, tunashika kila neno. Mzee anapitwa hata akiwa hana shughuli yoyote, na ukirudia kwa kupiga kelele haisaidii sana, inasaidia ukisogea akuone mdomo na ukaongea taratibu. Pia anapata shida zaidi watu wakiwa wengi, kwenye msiba au harusi anakaa pembeni peke yake. Ukiona mtu wako ameanza kukaa pembeni kwenye shughuli, usiseme ameanza kujitenga, kampime.

NESI WA ZAMU:
Umeeleza vizuri. Je mzee kapata kifaa cha kusikia? Wengi wanakipata wanakiweka kabatini.

MLETA UZI:
Amepata, tulichanga na ndugu zangu. Mwanzo alikikataa kweli, maana kinakuza kila kitu, mpaka vijiko vikigongana jikoni vilikuwa vinamuumiza, alisema ni kama amerudi mashineni. Ikabidi turudi hospitali mara mbili kukirekebisha. Sasa hivi usiku baa ikifungulia mziki anakitoa anakiweka kwenye kiboksi chake, analala mapema kuliko sisi wote. Asubuhi anakivaa kabla hajafungua mlango wa chumba, maana mama Zai anapita koridoni saa kumi na mbili na nusu.